Hatua Kumi na Moja Kutoka Mti wa Pea

Erlenwinden, 20 Oktoba 1974

Babu Leonhard,

Nimefundishwa kwamba barua huanza kwa salamu, lakini nikianza kwa salamu nitajificha humo mpaka karatasi iishe. Kwa hiyo nasema kwanza jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nilipokuwa na miaka tisa nilichimba chini ya jiwe la mpaka, lile la Shamba la Pea, nikazitoa alama za Wale Saba. Ninazo mpaka leo. Ziko ndani ya kopo la kahawa chini ya kitanda changu, nimezifunga kwenye soksi.

Sasa salamu. Mimi ni Wiltrud, mtoto wa Heiner, mjukuu wa kaka yako Kaspar. Nina miaka kumi na tano. Hujawahi kuniona. Anwani yako niliipata kwenye bahasha ya kadi unayomtumia Bibi Kuni, mke wa Babu Kaspar, kila Krismasi, ile isiyo na neno lolote ila jina lako. Baba na Mama hawajambo. Bibi magoti yanamsumbua, lakini bado anapanda darini mwenyewe na hataki kushikwa mkono. Wiki iliyopita tuliyafungulia maji ya bwawa la juu yakatoka, tukavua samaki wote, na tangu siku hiyo tunakula samaki wa kukaanga na ule mzizi mkali uliokunwa, mpaka Baba analia mezani na kusema ni mzizi.

Mwalimu wetu wa mjini ametupa kazi ya mwaka mzima: kila mmoja aandike jiografia na historia ya kijiji chake. Wengine wamenung'unika. Mimi nilifurahi, maana napenda kazi ambayo mtu hufanya peke yake. Nimekwisha andika habari za Wale Saba: kwamba huapa kwa maisha yao yote, kwamba ni wao tu wanaosimika mawe ya mipaka, na kwamba chini ya kila jiwe huzika alama ambazo hawazitaji hata kwa wake zao. Mtu akilihamisha jiwe, alama hubaki pale pale zikamwumbua. Nimeandika vizuri sana. Sikuandika habari za kopo.

Jambo lenyewe ni hili. Serikali inapanga mashamba upya. Vipande vyote vidogo vitaunganishwa, vijia vya zamani vitanyooshwa, na kabla ya hapo kila jiwe lazima lifunguliwe na kuhakikiwa. Mwezi uliopita Wale Saba walifika Shamba la Pea. Babu Kaspar ni mmoja wao tangu mwaka 1958, lakini kwa kuwa shamba ni lake alisimama kando pamoja nasi, nami nilikuwa nimebeba birika la kahawa. Tuligeuzwa migongo, wakachimba mpaka urefu wa mkono, kisha wakatuita. Hakukuwa na kitu.

Georg Dürrbeck, ambaye sasa ndiye mwenye kipande kilichokuwa chako, akasema, "Kaspar, jiwe lako limekwenda matembezi bila kuaga!" Watu wakacheka. Halafu yeye mwenyewe akaacha kucheka. "Ulimsubiri ndugu yako apande meli, ukajikatia mkate. Ndiyo maana ulikuwa na haraka ya kuapishwa baadaye, eti mlinzi wa mipaka."

Babu alisema neno moja tu: "Fukieni shimo, mvua inakuja."

Wenzake wamemwomba akae nyumbani hadi Jumapili ya kwanza ya Mei, siku yao ya mkutano wa mwaka. Siku hiyo wataamua kama atavuliwa kiapo. Koleo lake amelitundika nyuma ya mlango wa zizi. Jumapili haendi tena kwenye meza yake kilabuni. Kwenye basi la shule watoto wananiimbia, "Niliweke wapi? Niliweke wapi?" kama yule mzuka aliyehamisha jiwe akahukumiwa kulibeba mashambani milele.

Nilichimba kwa sababu nilikuwa nikisoma habari za Warumi na hazina zao. Mvua ilikuwa imekula udongo upande mmoja, nikaingiza kijiko, kisha mkono. Ni hivyo tu. Nikisema, Babu atajua kwamba siri aliyoapa kuilinda ilivunjwa ndani ya nyumba yake. Nisiposema, atakufa akiitwa mwizi.

Nakuuliza wewe kwa sababu uko mbali, na kwa sababu lilikuwa shamba lako. Nifanye nini? Barua za nyumbani nazipokea mimi, kabla ya basi.

Mjukuu wako ambaye hujamwona,
Wiltrud


Saskatchewan, 5 Desemba 1974

Mjukuu wangu Wiltrud,

Barua yako ilikaa siku tisa juu ya redio kabla sijaifungua. Niliona stempu na jina la kijiji, nikadhani kuna msiba. Samahani.

Sisi wazima. Mke wangu Olha anakusalimu. Wazazi wake walitoka Ukraine, na kila Ijumaa hupika vitumbua vya viazi ambavyo bibi yako angevikosoa kisha akala kumi. Theluji imefika dirishani. Ngano tuliivuna kabla ya baridi kuiharibu, namshukuru Mungu.

Unauliza jiografia. Hapa hakuna. Mipaka yote ilichorwa kwa rula na mtu ambaye hakuwahi kuukanyaga udongo wenyewe. Nalima mraba, jirani analima mraba, na mpaka ni barabara iliyonyooka hadi mbinguni. Mwaka wa kwanza nilipotea kwenye shamba langu mwenyewe, maana hakuna kitu cha kusema "hapa ndipo".

Kwa kazi yako ya shule andika hivi. Andika kwamba kijito kinatoka msitu wa juu na kupinda mara saba kabla ya kufika kwenye kinu cha maji cha kusagia nafaka. Andika kwamba mabwawa yalichimbwa na watawa, ambao walitaka samaki wa kula siku za kufunga, na watawa wakaondoka, samaki wakabaki. Katika vile vita vya miaka thelathini askari walichoma nyumba zote isipokuwa mnara wa kanisa, na baba yangu alikuwa akisema kwamba kwa miaka kumi na minane hakuna moshi uliofuka Erlenwinden. Kisha wakaja watu waliofukuzwa Austria kwa sababu ya dini yao. Babu wa babu zetu alikuwemo, na ng'ombe mmoja aliyekuwa akichechemea. Kila shamba walilipa jina. Njaa, kwa sababu ni mchanga mtupu. Kitanda cha Mfalme, kwa sababu ni laini. Shingo ya Bata. Shamba la Mjane. Bila-Shukrani. Olha akinikuta nimekaa kimya jikoni huuliza, "Uko wapi?" Nami huwa niko Shingo ya Bata, kwenye kona, pale panapoanza kusikika kinu.

Nieleze: ule mti wa pea bado umesimama? Kengele ndogo bado imepasuka na kutoa sauti ya sufuria? Mbwa wa kwenye kinu alikuwa anaitwa Schnauz, lakini huyo bila shaka alikwisha kufa.

Kuhusu kopo, liache lilipo. Watu husahau.

Wako,
Leonhard


Erlenwinden, 12 Januari 1975

Babu Leonhard,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Bibi Olha. Hapa mabwawa yameganda na wavulana wanateleza juu yake. Bibi Kuni alipata kadi yako ya Krismasi. Safari hii chini ya jina lako uliandika "Baridi ni kali". Aliyasoma maneno hayo matatu mara nyingi, kisha akasema, "Mzee ameanza kupayuka." Kadi ameiweka kwenye kitabu cha nyimbo.

Mti wa pea upo, umeegemea nguzo ya chuma. Kengele bado ni sufuria. Mbwa wa kinu wa sasa naye anaitwa Schnauz, ni wa nne.

Maneno yako yote nimeyaingiza katika kazi yangu. Mwalimu ameandika pembeni, "Nani amekueleza haya?"

Babu, naomba usinikasirikie. Umeuliza habari za mti, za kengele, hata za mbwa aliyekufa. Ndugu yako hukumwuliza. Jina lake halimo katika barua yako hata mara moja, nimehesabu.

Basi nakueleza bila kuulizwa. Amekonda. Anachonga mipini ya majembe ambayo hakuna mtu aliyeiagiza. Jumapili, watu wakitoka kanisani, yeye huinama kufunga kamba za viatu mpaka wote wapite, na viatu vyake havina kamba. Dürrbeck aliponunua mizani mpya alimwita kutoka upande wa pili wa barabara: "Njoo uipime, Kaspar! Wewe ndiye mtaalamu wa kipande kidogo kidogo!" Babu akamjibu, "Siku njema, Georg," akaendelea na safari yake.

Watu hawasahau. Pengine wanasahau huko kwenu, kwa kuwa hakuna mawe.

Nimewaza sana. Nikilipeleka kopo peke yake, Dürrbeck atasema ni Babu aliyenipa alama ili nimwokoe, kwani ni mmoja wa Wale Saba na anazijua. Anahitajika mtu aliyelima pale na asiye na sababu ya kumpendelea Babu. Ulilima upande wako kwa miaka minne kabla hujasafiri. Jiwe lilikuwa wapi?

Nilimwuliza Bibi kwa nini uliondoka. Alisema, "Mwulize mwenye kadi."

Kwa hiyo nakuuliza.

Wiltrud


Erlenwinden, 2 Machi 1975

Babu Leonhard,

Natumai baridi imepungua na nyote hamjambo. Huenda barua yangu ya Januari ilipotea. Ya mwanzo ulikuwa umeshaijibu kufikia wakati kama huu.

Wapima ardhi wamechomeka vigingi vyenye rangi nyekundu kutoka kanisani hadi kinuni. Ramani mpya imebandikwa kwenye ukuta wa kituo cha zimamoto. Katika ramani ile mashamba yana namba. Njaa ni 212. Shingo ya Bata haipo tena, imenyooshwa.

Zimebaki wiki tisa kabla ya mkutano.

Wiltrud


Saskatchewan, 24 Machi 1975

Mjukuu wangu,

Barua haikupotea. Ilikaa juu ya redio, safari hii ikiwa wazi. Olha aliniambia, "Mzee, ama ujibu ama uiondoe hapo nifute vumbi." Sisi wazima. Ng'ombe wawili wamezaa.

Nami nina jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Olha nimemwambia jana tu.

Baba alipotugawia shamba mwaka 1949, mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, Kaspar thelathini. Wale Saba walisimika jiwe kati yetu. Baba alinishika bega, tukapima kwa hatua kutoka shina la mti wa pea hadi kwenye jiwe: hatua kumi na moja, hatua zangu. Alisema, "Usije ukasahau." Nilisahau. Miaka minne baadaye mvua ilinikataa, ngano yangu ilikuwa duni na ya Kaspar ilikuwa nzuri, na kila nilipoutazama mpaka niliona umesogea upande wangu. Siku ya sikukuu ya kanisa, mezani mbele ya kijiji kizima, nilimwita kaka yangu mwizi wa ardhi. Alikuwa na kijiko mkononi. Alikiweka chini taratibu.

Wale Saba walilifungua jiwe. Tulifukuzwa nyuma ya ua, kama ilivyo desturi. Walirudi wakasema, "Alama zipo. Jiwe liko mahali pake." Sikuwaamini hata wao. Kesho yake asubuhi nilikwenda peke yangu nikapima, ili nipate pa kuwaumbulia. Kumi na moja. Nikarudia. Kumi na moja. Hapo ndipo nilipokumbuka mkono wa Baba begani.

Ilikuwa ni kuvuka ua tu nikaombe radhi. Badala yake nilimwuzia mzee Dürrbeck kipande changu, nikavuka bahari. Kaspar alikuja stesheni. Nilimwona kwenye jukwaa, ameshika kofia. Nikakaa upande wa pili wa behewa.

Kwa miaka ishirini na miwili nimemwacha aamini kwamba bado namwona mwizi. Na sasa wanamwita kwa jina nililompa mimi. Dürrbeck hakulitunga, alilirithi pamoja na shamba.

Nilikwambia uliache kopo lilipo. Ulikuwa ushauri wa mtu aliyekaa upande wa pili wa behewa. Usiufuate.

Humu nimeweka karatasi ya pili, kwa Wale Saba, yenye sahihi yangu. Lakini nisikilize: karatasi hiyo isikufanye mjumbe wa kuleta barua tu. Sema lako kwanza kwa mdomo wako, ndipo lisomwe langu. Mimi nilipaswa kusema kwa mdomo, na unaona nilikofikia.

Msalimie Kaspar.

Leonhard


Erlenwinden, 7 Mei 1975

Babu Leonhard,

Shikamoo, na salamu kwa Bibi Olha. Sote tuko salama, na hata Bibi, magoti yake yamemtulia kwa sababu ya jua. Kazi yangu ya shule nimeikabidhi. Sasa nakueleza kila kitu kwa mpangilio, kwani najua unasubiri.

Jumapili, baada ya ibada, Wale Saba walikutana katika chumba kilicho juu ya kilabu. Babu alikuwa ameitwa, akawa amekaa kwenye ngazi nje, amevaa koti lake jeusi, akisubiri aitwe ndani. Nilipopita aliniuliza, "Unakwenda wapi na kopo la kahawa?"

"Kwa Wale Saba."

"Kahawa wanayo, mtoto."

Nilibisha hodi. Mzee Stöcklein wa kinu, ambaye ndiye mkuu wao, alifungua mlango na kusema wanawake hawaingii. Dürrbeck alikuwa ndani kama mlalamikaji, akasema, "Mwache, pengine ameleta sukari." Nilisema kwa sauti ndogo sana, nikaambiwa nirudie, nikarudia kwa sauti kubwa mno: mimi ndiye niliyezitoa, mwaka 1968, kwa kijiko cha jikoni, na Babu Kaspar hajui hata leo.

Mzee Stöcklein alimtoa Dürrbeck nje, akavua kofia yake, akaifunika juu ya kopo na kuchungulia chini ya kofia ili hata mimi nisione, ingawa nimelala juu ya vitu hivyo miaka saba. Akasema, "Ni zetu." Kisha akaniuliza, "Zilikuwa zimelalaje?"

Nilijaribu kukumbuka. Nilitaka kusaidia. Lakini ukweli ni kwamba sikumbuki, nikasema hivyo.

"Afadhali, siri imebaki kwetu," akasema, na kwa mara ya kwanza watu wakapumua.

Dürrbeck aliporudishwa alisema lile nililolitarajia: "Kaspar mwenyewe amempa." Ndipo nikaitoa karatasi yako. Waliniamuru niisome mwenyewe, kwa kuwa Mzee Stöcklein hakuja na miwani. Mlango ulikuwa wazi. Nilipofika mahali unaposema, "Nilimsingizia kaka yangu, na nilijua kwamba nimemsingizia," nilisikia ngazi inalia. Babu alikuwa amesimama.

Tulikwenda sote Shamba la Pea. Dürrbeck ndiye mwenye miguu mirefu, akaambiwa azipime yeye hatua ulizoziandika. Alipima kutoka shina la mti. "Kumi na moja," akasema. "Na nusu kiatu."

"Kiatu chako kinaweza kufugiwa samaki, Georg," akasema Mzee Stöcklein. "Hesabu kumi na moja."

Dürrbeck alilitazama jiwe kwa muda. Kisha akavua kofia mbele ya Babu. Hakuomba radhi kwa maneno. Lakini jioni mke wake alileta keki, sahani nzima, na sahani ikaachwa kwetu ili tupate sababu ya kuirudisha.

Babu hakusema nami siku mbili. Nilidhani amenikataa. Barua uliyoniandikia nilimpa, akaenda nayo zizini. Bibi alimchungulia, akasema amekaa juu ya ndoo akiisoma, na ng'ombe hawajakamuliwa. Jana alitoka, akalichukua koleo nyuma ya mlango. "Twende," akaniambia. Wenzake walikuwa shambani, wakizizika tena alama. Niliamriwa nigeuke, nikatazama mti wa pea mpaka walipomaliza. Sidhani kama nimewahi kuona vitu vingi vizuri kuliko mti ule jana, wote mweupe kwa maua, na koleo la Babu likisikika nyuma yangu.

Yote hayo ni ya miezi michache tu. Baada ya mavuno, katika Oktoba, jiwe litang'olewa, na mti utakatwa, kwa sababu barabara mpya inapita hapo. Nilimwuliza Babu kwa nini basi wamehangaika kuzika. Alisema, "Ili ling'olewe likiwa mahali pake."

Wakati wa kurudi alisema jambo moja kuhusu wewe. Alisema, "Nilijua aliondoka kwa hasira. Kwamba ilikuwa aibu, sikujua. Ningepanda lile behewa."

Nimechora ramani ya kijiji ya zamani, yenye mashamba yote na majina yao, nakala yako nimeiweka humu. Babu aliipitia na penseli. Kumbe Bila-Shukrani iko upande huu wa kijito. Chini kabisa ameandika mwenyewe, utaujua mwandiko: "Pea zinaiva Septemba. Ni hatua kumi na mbili. Siku zote ulikuwa unapiga hatua ndefu."

Baada ya kuandika hivyo alikwenda kilabuni, kwenye meza yake.

Mimi nilikwenda Shamba la Pea. Niliweka kisigino kwenye shina la mti nikahesabu hadi kwenye jiwe: kumi na tatu na nusu. Nikarudi nyumbani, nikaiandika namba hiyo pembeni mwa ramani, kando ya ile ya Babu, nikaandika barua hii. Kesho nitaiposti kabla ya basi.

Wiltrud